Ukiposwa si lazima uache kukimbia

Leo nasema na walioko chuoni, hasa walioposwa au wanaotarajia, ambao jioni wakiwaona wenzao wanacheza netiboli hujisemea: ningeanza tangu skuli, sasa nimeshachelewa.

Hujachelewa, shoga. Wengi wetu visiwani hatukuacha mchezo kwa kutoupenda. Tulicheza nage mpaka giza linaingia, tukikwepa mpira bila kufundishwa na mtu. Kisha mtoto akavunja ungo, akaambiwa sasa umekuwa mkubwa, tulia ndani. Ikapita miaka saba, minane, mwili umekaa tu. Mimi nilianza mwaka wa pili wa chuo, nina miaka 22, sijui GA ni nani wala WD ni nani.

Netiboli inamfaa anayeanza ukubwani. Timu ni ya watu saba na kila mmoja ana mipaka yake uwanjani. GK na GS hawatoki nje ya theluthi moja ya uwanja, kwa hiyo asiye na pumzi huanzia hapo. Mpira haukimbizwi: ukiudaka una sekunde tatu za kuutoa, na anayekuzuia hukaa kiasi cha sentimita 90 kutoka ulipo mguu wako. Ukiwa na kichwa kilichotulia unawasumbua wepesi. Usenta muachieni aliyecheza tangu darasa la tatu.

Stara haina ugumu. Dada zetu wa nchi nyingine walipigania sana kitambaa hiki. FIFA iliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014, na mpira wa kikapu wa kimataifa ukasubiri mpaka 2017. Sisi tunavaa suruali pana, fulana ndefu ya mikono mirefu na mtandio wa kuvuta usiohitaji pini, tunacheza kwenye ua wa dahalia ya wanawake. Alasiri inasaliwa kwanza, na Magharibi ikiadhiniwa mpira umeshawekwa. Tena Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye alipopata mwili akashindwa yeye. Aliyekimbia hapo ni mke wa mtu, na aliyekimbia naye ni mumewe.

Lakini hofu yenyewe hasa haisemwi kwa sauti. Mama mdogo akikwambia "utajiharibu", hazungumzii goti. Anazungumzia usiku wa harusi na shuka. Kwetu kuna mwenzetu aliacha mazoezi mwezi mmoja baada ya barua ya posa kuingia nyumbani, kwa neno hilo hilo moja, na hakuna aliyekaa naye akamueleza.

Basi tuelezane. Kile kiwambo kinatofautiana baina ya mwanamke na mwanamke. Wengine wanacho kidogo mno tangu kuzaliwa, na wengi hawatoki damu siku ya kwanza hata kama maisha yao yote hawakuruka kamba. Hakuna daktari wala somo anayeweza kukitazama akathibitisha chochote. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walisema wazi kwamba upimaji wa bikira hauna msingi wa kisayansi. Na sisi Waislamu tulikuwa na jambo zito zaidi kabla ya hapo: Surat An-Nur, aya ya 4, anayemtuhumu mwanamke aliyejihifadhi bila kuleta mashahidi wanne hupigwa viboko 80. Nani kaifanya shuka kuwa shahidi?

Linaloniudhi ni kwamba binti huyo huyo, mpira ukisemwa ni hatari, akibakiwa na miezi miwili ya harusi atashindishwa na maji ya moto na ndimu ili gauni limkae. Hapo hakuna shangazi anayeuliza kama atajiharibu. Anaingia kwenye singo amelegea, kichwa kinamzunguka, na watu wanamsifu kapungua.

Kwa mchumba, sema mapema, wakati wa posa, kupitia kwa wazee wako: nacheza netiboli na wanawake wenzangu, siku fulani na fulani, na nataka kuendelea. Akiwa na neno, bora alitoe sasa kuliko umesharudi kutoka fungate. Wengi, nionavyo, hawana neno; hawakuwahi kuulizwa tu.

Na kwa anayeniuliza kila mara kuhusu pete: kanuni tunazochezea zinakataza vito, ila ya ndoa unaweza kubaki nayo ukiifunga plasta. Ya uchumba muachie mwenzako wa benchi akushikie. Kucha zikatwe. Hina haina neno.