Baada ya Neno "Tuombe"

Mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtu hahitaji saa ya mkononi kujua kwamba wakati wa sala umefika. Adhana husikika mara tano kwa siku katika mji huu ambamo Uislamu uliingia pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, kabla majeshi ya afisa Mbelgiji Dhanis hayajauteka mwaka 1893. Wakristo wa hapo wamezoea kuwaona majirani wakiacha biashara na kwenda kusali.

Wao wenyewe si wavivu wa sala. Wana misa, rozari, novena, vikundi vya karismatiki na mikesha inayofika alfajiri. Tena maombi yao yana sababu nzito. Katika eneo jirani la Kabambare, hasa upande wa Salamabila penye dhahabu, makundi yenye silaha yamewahangaisha raia kwa miaka. Mama ambaye mwanawe hajarudi nyumbani haambiwi apunguze kilio mbele za Mungu.

Lakini katika sala nyingi hizo Mungu hapewi nafasi ya kusema. Anaombwa, anaimbiwa, anashukuriwa, kisha watu wanatawanyika.

Hilo linasikitisha zaidi kwa sababu Kanisa la Kongo limeshapewa njia ya kusikiliza. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kazi ambayo Kardinali Joseph-Albert Malula aliipigania kwa moyo wote. Katika misa hiyo waamini huketi Injili inaposomwa, ingawa kwingine husimama, kwa kuwa mkubwa akisema watu huketi wakatega sikio. Toba nayo haiji mwanzoni, bali baada ya masomo na mahubiri: mtu hujua la kutubu akiisha kusikia. Papa Fransisko aliiadhimisha misa hiyo mjini Roma tarehe 1 Desemba 2019, na dunia ikatazama ngoma na mavazi. Huko kuketi kulistahili kutazamwa zaidi.

Mpangilio huohuo umo katika hatua saba za kushirikishana Injili, zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na kutumika katika jumuiya ndogondogo nyingi. Neno husomwa, maneno yaliyogusa hurudiwa, kisha watu hunyamaza. Kushirikishana huja baadaye, na maombi ya kila mmoja ni ya mwisho kabisa. Muda ukibana, hatua ya kunyamaza ndiyo rahisi kurukwa, maana hakuna atakayelalamika.

Wapo wanaouogopa ukimya, na hofu yao ina msingi. Anayesema "Mungu ameniambia" anaweza kuvunja ndoa ya mtu au kumbebesha mtoto jina la mchawi. Ndiyo maana habari za kijana Samweli ni za kusomwa polepole. Alisikia akiitwa usiku, na mara tatu akamkimbilia kuhani Eli akidhani ni yeye. Mzee ndiye aliyemfundisha namna ya kuitika. Anayesikiliza anahitaji Maandiko mkononi na mtu mzima katika imani wa kumpima. Sauti inayokataa kupimwa na yeyote haifai kufuatwa.

Kuhusu muda, mkulima anayekwenda shamba kabla ya jua kuchomoza hana saa nzima ya kutafakari, wala haombwi hiyo. Misale yenyewe inaagiza kwamba padri akisema "Tuombe", wote wanyamaze kidogo kabla hajaendelea. Tena kimya kifuate masomo, mahubiri na komunyo. Mara nyingi padri haachi hata pumzi moja, na kwaya hudaka wimbo mara tu komunyo inapokwisha. Katika vijiji vya mbali, ambako padri hafiki kila Jumapili, katekista ndiye anayeongoza ibada. Yeye hahitaji ruhusa wala fedha. Jumapili hii, akimaliza kusoma Injili, afunge kitabu na awaache watu wake kimya kwa dakika mbili, kisha wiki ijayo afanye vilevile, hata kama watoto watacheka na wazee watakohoa.