Somo la mitandao lianzie barabarani Misugusugu

Lori likitoka bandari ya Dar es Salaam na kontena la kwenda Zambia, Kongo au Rwanda, mlango wa kontena hufungwa lakiri ya kielektroniki. Linapofika kituo cha ukaguzi cha Mamlaka ya Mapato (TRA) pale Misugusugu, Kibaha, lakiri hiyo imekwisha kutuma taarifa mara kadhaa kwa mtandao wa simu: lori lipo wapi, ni saa ngapi, mlango umeguswa au la. Ndani ya kifaa mna betri, kipokezi cha mawimbi ya setilaiti na laini ya simu isiyotofautiana sana na ile iliyo mfukoni mwa dereva. Lori likipita mahali pasipo na mnara, vipimo huwekwa akiba na kutumwa mawimbi yakirudi. Mtu akichezea mlango, au dereva akiacha njia aliyopangiwa, ofisa aliyeketi chumba cha ufuatiliaji anajua.

Kifaa kimoja tu hicho kinatosha kufundishia muhula mzima wa mawasiliano ya data. Kwa nini kila kipimo kibebe saa kilipochukuliwa, badala ya kutegemea saa kilipopokelewa? Betri itadumu kiasi gani ikituma kila dakika mbili, na kiasi gani ikituma kila robo saa? Ujumbe ukipotea njiani, nani atajua na nani atauomba upya? Tutathibitishaje kwamba taarifa imetoka kwenye lakiri hii na haikutungwa na mjanja mwenye kompyuta? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali haya kwa kupima, kuandika hesabu yake na kuitetea mbele ya mwalimu, huyo ameielewa mitandao. Vijana wetu wengi wa TEHAMA wanapita barabara hiyo ya Morogoro kwenda na kurudi chuoni, na somo lenyewe linawapita kwenye matairi ishirini na mbili.

Darasani wanakutana na nini? Katika vyuo vingi kozi ya mawasiliano ya data bado huanza na tabaka saba za OSI, mfano uliotolewa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwaka 1984. Mwanafunzi huzikariri kuanzia juu hadi chini, na swali la mtihani humtaka aziorodheshe na kuzieleza. Sina ugomvi na mfano huo. Unasaidia kupanga mawazo. Ugomvi wangu ni kwamba intaneti tunayoitumia ilijengwa juu ya itifaki za TCP/IP, na hizo zinaonekana kwa macho zikifanya kazi kwenye kompyuta yoyote iliyounganishwa. Kumpa kijana alama kwa kutaja tabaka, bila kumtaka aikamate pakiti moja na kueleza kilichomo, ni kumnyima sehemu bora ya somo.

Swali la umma lipo hapo: krediti za chuo zinapima nini? Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa kumi za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada unakadiriwa kuwa krediti 120. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, zikiwemo mihadhara, semina, kujisomea na kazi za maabara. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni safi. Udhaifu wake ni kwamba saa za maabara zinaweza kuandikwa kwenye mtaala hata kama chumba kina swichi mbili mbovu na wanafunzi wamejaa hadi mlangoni. Mhadhiri hana la kufanya. Anazijaza saa hizo kwa slaidi. Mwisho wa muhula krediti 12 zinaingia kwenye cheti, na mwajiri anayezisoma hawezi kujua ni ngapi zilipatikana kwa mikono na ngapi kwa kunakili.

Nchi hii imewahi kulipa gharama ya kuwa na mashine bila watu wanaoijua kwa ndani. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Wataalamu walikuwa wachache, wengi wao wageni, na kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine iliharibika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa katika muongo uliofuata. Wapo wanaolisema zuio lile kama woga wa maendeleo. Nadhani wanakosea. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na serikali ilikuwa imeungua kweli. Kilichopungua tangu mwanzo kilikuwa shule: kizazi cha Watanzania wa kuifungua mashine, kuijua na kuisahihisha.

Leo vifaa vimejaa na uelewa wa ndani bado ni mchache. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mtandao ulidorora kwa siku kadhaa. Watu walilalamika, wengine wakakisia, na wengi wakawatukana watoa huduma. Lilikuwa pia darasa la bure. Mwanafunzi mwenye simu angeweza kufuatilia njia ya pakiti zake na kuona zinakwamia wapi, zipi zinabaki nchini na zipi zinazunguka nje, na huduma gani zinaendelea kwa sababu seva zake zipo Dar es Salaam. Ni vyuo vingapi vilivyobadili mhadhara wa wiki ile kuwa zoezi la kupima? Ningependa swali hilo liulizwe kwenye kila seneti ya chuo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mamilioni. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kibaha hadi katikati ya Dar es Salaam ni kama kilomita 40, kwa hiyo kwenda na kurudi, mwanga peke yake hautumii hata nusu ya milisekunde. London iko zaidi ya kilomita 7,000 hata ukikata moja kwa moja angani, na kwa kasi hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 70. Basi kijana wa Kibaha akiipima tovuti ya ofisi iliyopo Dar es Salaam, akapata kila mara milisekunde 150 na zaidi, ana sababu ya kuuliza maswali mazito. Je, ni mnara umeelemewa? Je, tovuti ya ofisi ya Kitanzania imehifadhiwa Ulaya? Au pakiti zinatoka nje ya nchi na kurudi kwa sababu kampuni mbili hazijaunganishwa hapa nyumbani? Kila jibu linampeleka kwenye sura nyingine ya mitandao, na uchumi wake, na sera yake.

Ndiyo maana naona Chuo Kikuu Huria kina nafasi kubwa kuliko kinavyopewa. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kazi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia. Kituo chake cha mkoa wa Pwani kipo Kibaha. Mwanafunzi wake anaweza kuwa mlinzi wa kiwanda, mwalimu wa Kisarawe au karani wa mizani, na huyo karani anaishi katikati ya data inayosafiri. Mtu wa namna hiyo akipewa kazi ya kupima mtandao wa mahali pake kwa wiki nne, akaandika ripoti na kuja kuitetea ana kwa ana kituoni, atakuwa amezitolea jasho krediti zake.

Nasikia mapingamizi, na baadhi ni ya haki. Wahadhiri wanasema programu za kuigiza mtandao, kama Packet Tracer ya Cisco, zinaziba pengo la vifaa. Kwa kiasi zinaziba: kijana anaweza kuunganisha ruta kumi bila kununua hata moja, akakosea bila kumkatia mtu huduma. Lakini ndani ya programu kebo hailiwi na panya, umeme haukatiki, mvua ya masika haiingii kwenye kiungio. Programu itumike kuanzia, na kozi isiishie humo.

Pingamizi la usalama lina uzito zaidi. Hakuna mwenye akili atakayewafungulia wanafunzi mfumo hai wa forodha. Hilo silitaki. Taarifa za zamani zilizoondolewa namba za magari, majina na wenye mizigo zinatosha kabisa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka misingi ya kushika data za watu. Kuandaa taarifa hizo kwa usalama kungekuwa somo jingine, pengine gumu kuliko la kwanza.

Kuhusu fedha, mradi wa HEET, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umeviwezesha vyuo vya umma kujenga maabara na kupitia upya mitaala kwa kuwashirikisha waajiri. Majengo yanaonekana. Mitaala ndiyo inayohitaji kukaguliwa kwa ukali sasa, kabla wino haujakauka na kukaa miaka mitano bila kuguswa.

Pendekezo langu ni hili. TCU iweke sharti kwamba katika kozi yoyote ya mawasiliano ya data, theluthi moja ya krediti itokane na kazi iliyofanywa kwenye mtandao hai, iwe wa chuo, wa shule, wa zahanati au wa mtaa, na itahiniwe kwa mdomo. Chuo kisichoweza kuonyesha kazi hizo kipunguziwe krediti za kozi hiyo kwenye ithibati. TRA, Shirika la Reli na watoa huduma za simu watoe kila mwaka fungu la taarifa zilizosafishwa kwa ajili ya vyuo. Na mzigo wa wahadhiri uhesabiwe upya, kwa sababu kumtahini mtu mmoja mmoja kwa mdomo ni kazi ya siku nzima, na leo mhadhiri anayeifanya halipwi chochote zaidi ya yule anayesahihisha orodha ya tabaka saba.