Bei Ikipanda, Kazi Huvaa Suruali

Kila inapofika Machi 8, Siku ya Wanawake, tunavishwa fulana, spika zinapangwa uwanjani, mgeni rasmi anasimama na kutuambia kwamba mwanamke wa Pwani amekombolewa na uchumi wa buluu. Amekombolewa na mwani! Huo ni uongo, na sisi tunaoupigia makofi tunajua kuwa ni uongo.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kisha ukaenea hadi ukanda wetu. Leo ukitoka Dunda, hapa Bagamoyo, ukashuka kusini hadi Mlingotini, maji ya bamvua yakiwa yametoka, utawakuta akina mama wameinama, kanga kiunoni, wakikaza kamba kwenye vigingi. Mwanzoni wanaume nao walikuwemo. Walipoiona bei wakarudi kwenye vyombo vyao, na kule Unguja wengine wakakimbilia hotelini. Wakabaki wanawake, hata ikawa Zanzibar wakulima wanane hivi katika kila kumi ni wao. Kazi iliyokimbiwa na wanaume kwa kukosa tija, wakubwa na wafadhili wakaibatiza jina: uwezeshaji.

Hebu tufanye hesabu ya uwezeshaji huo. Siku 45 zao likiwa baharini. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi, uziburure pwani, uzianike, upate kilo moja kavu. Kilo hiyo inaingia kwenye gunia la mnunuzi ambaye mara nyingi ndiye aliyekukopesha kamba, ndiye mwenye mzani, na ndiye anayetamka bei. Gunia linavuka kwenda Denmark, Ufaransa, Marekani au China, linatolewa karajini, ile inayoshikisha dawa ya meno na aiskrimu. Halafu dawa ya meno inarudi dukani Bagamoyo, na mama yule anainunua bila kuulizwa bei yake pia. Waliosema mchumia juani hulia kivulini hawakuwahi kulima mwani.

Na ule wenye bei nzuri kidogo, kotonii, unamfia mkononi. Mtafiti Flower Msuya wa Zanzibar ameeleza kwa miaka mingi jinsi maji ya kina kifupi yanavyopata joto na kuuozesha. Njia inajulikana: upelekwe kwenye maji ya kina. Lakini kina kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Chombo ni cha nani? Binti wa Pwani alifundishwa kuogelea na nani?

Mtanijibu kwamba kosa ni la utandawazi, wazungu wanatunyonya. Wananyonya, sikatai. Ila tazameni yaliyompata pweza.

Kwa vizazi na vizazi pweza wa miambani alikuwa wa wanawake na watoto. Maji yakitoka wanatembea juu ya mwamba na fimbo zao, wanachokoa mashimo, wanarudi na mboga na cha kuuza kidogo. Ilipofika miaka ya 1990 kampuni za kupeleka pweza Ulaya zikaanza kununua pwani yetu, na bei ikapanda. Ghafla mwanamume akagundua kwamba pweza si mboga ya kitoto! Akaja na miwani ya kuzamia na mapezi, akazama mahali ambapo mguu wa mwanamke haufiki, wala hakungoja bamvua. Akina mama wakaachiwa vipweza vya kitoweo, kisha wakahubiriwa kuhusu uvuvi endelevu. Sasa niambieni, ni Mtaliano gani aliyetia mguu mwambani kumpokonya mama fimbo yake? Soko la Ulaya lilipandisha bei. Aliyempokonya ni shemeji yake.

Hiyo ndiyo kanuni ya pwani hii, na mimi mwanamume naisema: bei ikipanda, kazi huvaa suruali; ikishuka, hujifunga kanga. Mnunuzi wa ng'ambo anaijua vizuri. Anajua kwamba mwanamke asiye na chombo wala ardhi kwa jina lake hatagoma, kwa hiyo anaipanga bei akiwa ametulia.

Wanaume wenzangu mtaniambia sisi pia tumeumizwa. Ni kweli. Meli za kukokota nyavu zilikomba kamba wa Bagamoyo na Saadani hadi serikali ikazisimamisha mwishoni mwa 2007, wakati mvuvi wa ngalawa ameshabaki na nyavu tupu. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi la bandari pale Mbegani, kwa ubia na Wachina na Waomani. 2019 Rais Magufuli akasema masharti yake yanakubalika kwa mwendawazimu tu. 2021 Rais Samia akatangaza kuyafufua mazungumzo. Miaka yote hiyo kijana wa Dunda amekuwa akihesabu ajira za bandari isiyo na gati, huku akiendesha bodaboda ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Namhurumia. Lakini katika mabishano yote niliyowahi kusikia kuhusu bandari hiyo, sijasikia mtu akiuliza mama wa Mlingotini, jirani kabisa na Mbegani, atafunga wapi kamba zake siku meli zikija.

Wala tusijifanye utandawazi umetukuta jana. Mji huu ulijengwa nao. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walifika hapa na pembe za ndovu mabegani, na nyingi zikaishia kuwa vibonyezo vya piano huko Connecticut. Walirudi bara na marobota ya merikani, nguo iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na katika viwanda hivyo, kule Lowell, waliokuwa wakisimama mbele ya mitambo ni wasichana. Wasichana hao waligoma 1834 walipopunguziwa ujira, wakagoma tena 1836. Wapagazi nao walijua kutua mizigo njiani mpaka malipo yaeleweke. Watu hao hawakuwa na simu wala vyama vya ushirika kama sisi, na bado walijua bei hubishaniwa.

Sisi tunasubiri itangazwe. Mama anayekaanga samaki pale sokoni Dunda hana habari na Jakarta, lakini Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake yasitoke nje, mafuta yaliyokuwa yameshapaa kwa vita vya Ukraine yalizidi kumuumiza yeye. Nchi iliyokuwa ikiagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula ilimwachia mwenye karai abebe mzigo wa dunia nzima, na jioni akirudi nyumbani anaulizwa mbona leo hela ni kidogo.

Basi tuache fulana. Kwa utaratibu uliopo halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na nne kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa madudu yaliyokuwemo, ikarudishwa 2024. Tangu hapo tunanunua nini? Cherehani na ndoo za sabuni ya maji, kana kwamba bahari haipo. Nataka asilimia nne ya Bagamoyo inunue boti, ziandikishwe kwa majina ya vikundi vya akina mama, na mume wa mtu asizikodishe bila saini zao. Nataka bei ya chini ya mwani iandikwe kabla mbegu haijafungwa kwenye kamba, na mzani wa kikundi usimame pembeni ya mzani wa mnunuzi. Fidia ya bandari ikilipwa, ilipwe kwa majina mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume, hakuna sheria mpya ya kusubiri. Na Mbegani kuna chuo cha uvuvi, si mbali na hapa. Kifungue milango mwezi ujao, kiwafundishe wanawake wa Mlingotini na Dunda kuogelea, kuzamia na kushika usukani. Watakaowazuia wake zao wasiende, majina yao tutayasoma kwenye mkutano wa mtaa.