Mhunzi wa Maruku na Wasifu Wake

Yako maneno ambayo yamekuwa mazoea midomoni mwa baadhi ya wasomi wetu kila itajwapo kazi ya chuma katika Buhaya: kwamba uhunzi wa kweli ulikufa zamani, na kwamba mtu aketiye leo Maruku mbele ya mvukuto, akafua kisu cha mwindaji kwa kipande cha springi ya lori, ni mkarabati wa vyuma chakavu tu. Kisu chake, husema, si cha asili, maana chuma chake hakikutoka katika ardhi ya nchi yake. Nayakataa maneno haya.

Wayasemao hutaja Katuruka, nao wana haki. Katika kijiji hicho cha Maruku ulikuwapo mti wa Kaiija, ambao jina lake huashiria mahali pa kufulia chuma, na mapokeo humkumbuka hapo mfalme Rugomora Mahe, aliyetaka wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufikao mbinguni. Peter Schmidt alipochimba mahali hapo, mwaka 1969 na 1970, alifukua mabaki ya kazi ya chuma ambayo umri wake hukadiriwa kupita miaka elfu mbili. Baadaye, mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliombwa kuyeyusha chuma kama walivyofanya ujanani, na mwaka 1978 habari za tanuri zao zilichapishwa na Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science. Dunia ilistaajabu, nasi tukajivuna.

Walakini wasifu hupenda kuruka jambo moja. Wazee wale walikuwa hawajayeyusha chuma kwa muda wa karibu nusu karne. Hawakufungua sanduku wakatoa elimu iliyokunjwa. Majaribio ya awali yaliwashinda, wakabishana, wakabadili hili na lile, wakarudia, hata chuma kikapatikana. Na walisifiwa kwa lipi? Kwa kujenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa huvumilia moto. Kwa kuchoma matete ya bwawani katika shimo la tanuri. Kwa kuingiza mabomba ya udongo ya kupulizia hadi ndani ya tanuri. (Kama mabomba hayo yaliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, wataalamu wameshindana sana, na ugomvi huo si wangu.) Kila kitu walikitwaa palipo karibu, wakakilazimisha kutii. Leo kilicho karibu ni springi ya lori. Kwa nini ustadi ule ule uitwe hekima kwa babu na uhaba kwa mjukuu?

Nilimtazama mhunzi mmoja akifua kisu cha namna hiyo. Mkaa ulikuwa wa mti, mpini wa mti, ala ya ngozi ya mbuzi. Alilinyoosha bamba kwa nyundo, akalipunguza kuelekea makali, akauacha mgongo mnene. Kisha akalirudisha motoni, akatulia. Hakuwa na kipimo ila jicho: chuma kilipopata wekundu wa kahawa iliyoiva mtini, alikitia maji kwa upesi ambao sikuutazamia kwa mtu wa umri wake. Chuma kilichotiwa maji hivyo ni kigumu lakini huvunjika kama kigae, basi alikipasha tena, kidogo kidogo, kandoni mwa moto, ili kijifunze kuvumilia. Mwisho aliuchomeka mkia wa kisu, ungali mwekundu, ndani ya mpini, nao mti ukafuka moshi ukamshika. Uwindaji siku hizi hutaka kibali cha serikali, na kisu kile huenda kisichune ila mbuzi. Lakini kimefuliwa kwa kanuni za kisu cha porini.

Sikatai kwamba kitu kilikufa. Kuyeyusha mawe ya chuma kulikoma, kwa sababu katika miaka ya ukoloni majembe na vyuma kutoka ng'ambo viliuzwa rahisi kuliko jasho la tanuri. Kilichobaki ni kufua, nacho kimo hatarini. Ukimwi, uliogunduliwa Kagera mwaka 1983, uliwachukua wengi ambao wangerithi mikono ya baba zao. Katuruka wanakijiji wenyewe wamejitahidi kuhifadhi mabaki ya kale. Ndizi nazo zina kituo chake cha utafiti papo hapo Maruku. Mhunzi aliye hai hupewa nini nasi, ila lawama ya kutokuwa safi, tena kutoka kwa watu ambao kalamu, karatasi na miwani yao vyote vilitoka ng'ambo, wala hawajiiti waandishi wa bandia?

Mwanafunzi atokaye Bukoba akienda likizo na achukue daftari. Aulize jina la Kihaya la mgongo wa kisu, la mkia uingiao mpinini, la mlio wa chuma kilichopoa kupita kiasi. Mimi niliuliza jina la wekundu ule wa kabla ya maji. Mzee alinijibu kwa neno moja, bila kuinua macho, nami sikulikuta katika kamusi yoyote niliyo nayo.