Polisi wa London: Idadi pekee haitoshi

Mwaka 2019 serikali ya Uingereza iliahidi kuajiri polisi wapya 20,000. Jeshi la Polisi la London, kubwa kuliko yote nchini humo, halikufikia sehemu yake. Lakini upungufu huo ni jambo dogo. Linalotisha ni jinsi baadhi ya waliotangulia walivyopenya mchujo.

Machi 2021 Wayne Couzens, askari wa jeshi hilo, alimteka nyara Sarah Everard kusini mwa London kwa kutumia kitambulisho cha kazi, akambaka na kumuua. Ripoti ya uchunguzi wa Elish Angiolini ya mwaka 2024 ilisema Couzens hakustahili kamwe kuwa polisi.

Mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo, Louise Casey, aliyelichunguza jeshi hilo, aliukuta ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wanawake vimeota mizizi ndani yake. Aliwakuta pia wapelelezi wa kesi za ubakaji wameelemewa na kazi, huku ushahidi ukirundikwa kwenye majokofu mabovu.

Kamishna wa jeshi hilo, Mark Rowley, asipimwe, basi, kwa wingi wa sare mpya. Apimwe kwa uchunguzi wa mienendo unaorudiwa mara kwa mara, wakufunzi wazoefu, na ushauri nasaha kwa askari anayetoka kwenye tukio la mauaji. Changamoto hii si ya London pekee: nchini Kenya, jopokazi la David Maraga lilichunguza uajiri na maslahi ya polisi mwaka 2023. Huko nako utekelezaji wa mapendekezo ndio unaodaiwa.