Hewa Haikuisha Kwa Hiyo Nyumba

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai ikiingia, kuna habari inarudi kama kodi ya nyumba. Watu wamelala na jiko la makaa ndani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na gunia. Asubuhi majirani wanabisha, hakuna anayejibu. Sisi tunaenda kwa komenti. Mmoja anaandika, "Poleni, hewa iliisha." Mwingine anaandika, "Kwani hawakusoma? Si wangefungua hata dirisha?" Tunaweka mshumaa, tunapita, tunaendelea na video inayofuata.

Leo nataka tubishane na maneno mawili tu: hewa iliisha. Kwa sababu haikuisha. Na kuamini kwamba iliisha ndiko kunafanya mtu mwingine aingize jiko usiku huu akijiambia, "Mimi nimeacha kanafasi chini ya mlango, niko sawa."

Tuanze na hewa yenyewe. Chukua hewa ya chumba chako uigawe vikombe 100. Vikombe 78 ni nitrojeni. Vikombe 21 ni oksijeni. Kile kimoja kinachobaki karibu chote ni agoni, na kaboni dayoksaidi ni katone tu, kama 0.04 kwa mia. Yaani sehemu kubwa ya kila pumzi unayovuta ni gesi ambayo mwili wako hauifanyii kitu. Nitrojeni ni ule jirani wa ploti asiyeongea na mtu. Anaingia, anatoka, hakopi chumvi, hasumbui. Atomi zake mbili zimeshikana kwa bondi tatu, na kuziachanisha ni kazi ngumu, ndiyo maana inaingia kwa mapafu na kutoka vile iliingia.

Aliyeitambua kwanza ni Mskoti anaitwa Daniel Rutherford, mwaka wa 1772. Alifungia panya ndani ya chombo mpaka panya akafa, akachoma mshumaa kwa hiyo hewa mpaka ukazima, akaondoa kaboni dayoksaidi, halafu akaangalia kilichobaki. Kilikuwa bado kingi sana, lakini hakiwashi moto na hakiweki kiumbe hai. Baadaye Lavoisier kule Ufaransa akaipa jina azote, maana yake isiyo na uhai.

Sasa, kwa panya wa Rutherford unaweza kusema hewa nzuri iliisha, kwa sababu kile chombo kilifungwa kabisa. Lakini keja yako si chupa. Mabati yana matundu, mlango una upenyo, dirisha halifungi vizuri tangu uhamie. Oksijeni inaendelea kuingia kidogo kidogo usiku wote. Kabla iishe, kuna kitu kingine kinakufikia mapema zaidi.

Hicho kitu ni kaboni monoksaidi. Na hapa ndipo mimi hukasirika, kwa sababu hii kitu tulifundishwa. Kama ulisoma kemia shule ya upili Kenya, unakumbuka ule mchoro wa jiko la makaa. Uko kwa vitabu vya marudio, jiko limegawanywa sehemu tatu, unaulizwa uandike mlinganyo wa kila sehemu. Chini, pale hewa inaingilia kwa matundu, kaboni inakutana na oksijeni nyingi inakuwa kaboni dayoksaidi. Katikati, hiyo kaboni dayoksaidi inapita kwa makaa mekundu, inanyang'anywa oksijeni, inakuwa kaboni monoksaidi. Juu, kaboni monoksaidi inakutana na hewa tena na kuwaka, ule moto wa bluu unaocheza juu ya makaa. Maalama ukapata, ukageuza ukurasa.

Swali ambalo halikuulizwa ni hili: na ile isiyowaka inaenda wapi? Jiko likiwa nje, inapotea na upepo. Likiwa ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, inabaki na wewe. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Na kadiri chumba kinavyofungwa, jiko lenyewe linakosa oksijeni ya kutosha, kwa hivyo linatengeneza zaidi. Yaani ukiziba mlango ili joto lisitoke, unalipa jiko likutengenezee sumu zaidi.

Damu yako ina himoglobini. Fikiria ni matatu inayobeba oksijeni kutoka kwa mapafu ikiipeleka kwa ubongo na moyo. Oksijeni ni abiria mzuri, inapanda, inafika steji, inashuka. Kaboni monoksaidi inakwamilia kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki kirahisi. Matatu zinazunguka zimejaa, na ubongo uko steji unangoja. Nje kuna oksijeni kibao, lakini viti vimekaliwa.

Angalia hizi hesabu. Kaboni monoksaidi ikifika sehemu 16 tu kwa kila sehemu 10,000 za hewa, ndani ya dakika 20 hivi kichwa kinauma, kizunguzungu kinaanza, tumbo linachafuka. Ukibaki hapo, saa mbili hazitaisha ukiwa hai. Sehemu 16 kwa 10,000! Oksijeni kwa hicho chumba bado inakaribia vile vikombe vyake 21. Hewa iko. Haikuisha. Iliingiliwa.

Halafu kuna swali la "kwani hawakuamka?" Hapa watu hulaumu marehemu sana, na si haki. Shika pumzi yako sasa hivi uhesabu mpaka thelathini. Ile presha unasikia kifuani, ile hamu ya kuvuta pumzi kwa nguvu, haitokani na oksijeni kupungua. Inatokana hasa na kaboni dayoksaidi kujaa ndani yako. Kengele kuu ya mwili wako inapima kaboni dayoksaidi. Kama bado unapumua kawaida na kuitoa, kengele haipigi, hata kama ubongo wako unakufa kwa kukosa oksijeni.

Ndiyo maana hata nitrojeni, ule jirani mpole, inaweza kuua watu waliosoma sana. Tarehe 19 Machi 1981, kule Florida, Marekani, mafundi wa chombo cha angani Columbia waliingia sehemu iliyokuwa imejazwa nitrojeni kuzuia moto. Hawakusikia harufu, hawakukabwa koo, walianguka tu. Mmoja alifariki siku hiyo, mwingine akafariki baadaye. Hao ni mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwa chombo cha NASA. Wewe unataka mtoto wa miaka saba aliyelala aamke kwa gesi ambayo mwili wake hauwezi kuitambua? Na hata mtu mzima akishtuka usingizini, mara nyingi miguu imelegea na akili imechanganyikiwa, mlango uko hatua tatu na hafiki.

Kwa hivyo tuache kusema walizembea. Pua si kipimo. Usingizi si kipimo.

Na tuache pia zile kinga za mtaani, maana zinaua kimyakimya. Ati weka sufuria ya maji kando ya jiko itavuta sumu. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwa maji vya maana. Hayo maji utayakuta asubuhi vile uliyaacha. Ati ngoja makaa yaive, yawe mekundu bila moshi, ndiyo uingize. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu moshi angalau ungekuchoma macho ukaamka. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo ile sehemu ya katikati ya mchoro, kiwanda chenyewe. Ati mtu akizidiwa mpe maziwa. Sumu iko kwa damu, haiko kwa tumbo, na mtu asiyejitambua ukimmiminia maziwa utamkaba.

Mtu wa Kilimani asome hii akidhani ni stori ya mabati peke yake? Pole. Ile mashine ya gesi ya kuchemsha maji iliyofungwa ndani ya bafu bila bomba la kutolea hewa nje inafanya kazi hiyo hiyo ikikosa oksijeni. Jenereta iliyowashwa ndani ya duka stima zikipotea, hiyo hiyo. Gari linalonguruma ndani ya gereji iliyofungwa, hiyo hiyo. Kaboni monoksaidi haiulizi unalipa kodi ngapi.

Sasa linganisha na gesi ya mtungi. Yenyewe pia haina harufu. Ile harufu ya kuchukiza unayosikia ikivuja huwekwa makusudi, ili pua ipate kazi. Na bado inaua, kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini ikitafuta moto. Tulijionea Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka na watu wakafa wakiwa nyumbani kwao. Lakini angalau mtungi una mtu wa kuuliza. Kuna aliyejaza, kuna aliyeuza, kuna aliyetoa leseni. Kaboni monoksaidi haina kampuni ya kuitia harufu. Unaitengeneza wewe mwenyewe, kwa makaa ya kopo, ukijaribu tu kuwapa watoto joto.

Na hapo ndipo msimamo wangu uko. Hii si shida ya ujinga peke yake. Mtu anayelala na jiko halali nalo kwa kupenda. Nyumba ya mabati Julai ni friji. Hita ya stima inakula tokeni zote kwa usiku mmoja. Makaa ya jioni yameshalipiwa na bado yana moto, na kuyamwaga nje ukitetemeka kunahitaji roho. Kwa hivyo ukimwambia tu "usilale na jiko" halafu uende zako, umemwambia achague kati ya baridi anayoisikia na sumu asiyoisikia. Watu watachagua kukimbia ile wanayoisikia. Hata wewe.

Kwa hivyo nataka mambo mawili. La kwanza, walimu wa kemia, tafadhali, siku mtakapochora lile jiko kwa ubao, ongezeni mlango, dirisha na kitanda. Dakika tano tu. Tulikariri kwamba nitrojeni inachemka kwa nyuzi −196 na hakuna mtu kwa ploti yetu amewahi kuichemsha. Jiko liko kila nyumba. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya chochote, na kila kitu muhimu kwa hii stori ya jiko kinatosha kwa somo moja la shule ya upili. Elimu hiyo ipo, tunaitumia kutafuta maksi badala ya kuitumia kuishi.

La pili, mwenye nyumba. Sheria za ujenzi zinataka chumba cha kuishi kiwe na njia ya hewa. Matundu mawili ya kudumu, moja juu na moja chini, yenye wavu, yasiyoweza kufungwa, ni matofali machache na nusu siku ya fundi. Hata hivyo tunajengewa vyumba ambavyo dirisha linatazama ukuta wa ploti ya pili, na tunalipa kwa wakati. Ukienda kuangalia nyumba usiulize tu maji na stima. Uliza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Tukiuliza wengi, itaanza kuwekwa.

Kwa leo usiku, kabla walimu na wenye nyumba wasikie: ukimaliza kupika, jiko linatoka nje, hata kama limebaki na makaa matatu yenye majivu juu. Ota moto mkiwa macho, mlango wazi, halafu litoke kabla mtu yeyote asinzie. Mkiumwa kichwa wote kwa wakati mmoja ndani ya nyumba moja, hiyo si malaria, tokeni nje kwanza, mjadala baadaye. Ukimkuta mtu ameanguka, fungua mlango, mvute nje, mpeleke hospitali hata akiamka na kusema yuko sawa. Ukipumua hewa ya kawaida inachukua saa nne au tano nusu tu ya ile sumu kutoka kwa damu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu.

Na ukiona ile habari tena Julai hii, kabla uandike "hewa iliisha", andika kilichowaua kwa jina lake. Kaboni monoksaidi. Mtu mmoja asiyeijua ataisoma hapo kwa komenti, ataangalia jiko lake, ataamka alitoe nje.

Tuma hii kwa kikundi cha familia. Anza na cha mashambani, huko ndiko baridi imeshika.