TURBO KUBWA YA TAJIRI NA MGUU WA TANIBOI



Naandika juu ya turbo. Sisemi mji wa Turbo ulio njia ya Eldoret, nasema kile chombo cha chuma mfano wa konokono kilichofungwa ubavuni mwa injini ya dizeli. Pengine mtauliza, mtu wa reli ana shauri gani na malori? Ninalo. Wengi wetu tukitoka zamu, au siku ya Jumapili, tunaitwa nyumbani kwa matajiri wenye malori tukafungue turbo ndogo na kutia kubwa. Twaenda kwa sababu mshahara hautoshi, na tena, tuseme kweli, kwa sababu twapenda kuitwa fundi. Mimi nilikwenda. Nitaeleza habari yote, hata ile sehemu inayoniaibisha.

Kwanza tujue kazi ya chombo hiki. Moshi wa injini ukitoka kwa nguvu huzungusha feni moja. Feni hiyo imeshikana kwa shafti na feni ya pili, nayo huvuta hewa safi na kuishindilia katika silinda. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huzidi. Aliyeandikisha ujuzi huo ni Mswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905, naye alitaka tu nguvu ya moshi isipotee bure. Shafti ya turbo ya lori huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Haishikwi na kitu ila utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika hata kwa muda mdogo, turbo imekufa.

Katika karakana yetu ya injini za treni, turbo ni kubwa kama pipa na huinuliwa kwa winchi. Hakuna mtu anayeigusa ikiwa na moto. Aliyeifunga hutia sahihi, na mwingine hukagua kazi yake. Sasa mtu huyo huyo anayetia sahihi Ijumaa, Jumapili analala chini ya lori juu ya gunia, jeki moja, bila matofali, na mtoto wa tajiri ndiye anayemshikia tochi.

Basi, mwezi jana rafiki yangu aliniita nimsaidie. Lori lilikuwa la tani kumi, turbo imekufa. Tajiri alikuwa amenunua nyingine kubwa kwa watu wa spea kuukuu, akasema, "Nataka lipande Mau kama gari dogo." Tulifungua ekzosi ikiwa bado moto, na bolti mbili zikakatika. Bomba dogo la kuleta oili nilipolitazama ndani nikaona limeziba kwa masizi, hata sindano ilipita kwa shida. Hilo ndilo lililoua turbo ya kwanza! Nikasema tununue bomba jipya, tajiri akakataa. Tukalichokoa kwa waya. Ile ya kurudisha oili tukaifunga kwa silikoni badala ya gasketi, na kila fundi ajua kipande cha silikoni kikianguka ndani kitaziba njia, oili ipite kwenye feni na kuingia injini. Ikiingia ya kutosha, injini hunguruma yenyewe kwa kuchoma oili yake, na ukizima ufunguo haizimiki. Mtu asiyejua hukimbilia kuziba mdomo wa hewa kwa kiganja. Ndugu, tumieni ubao, au tieni gia kubwa na breki mpaka ife. Kiganja hakirudi.

Kwa hayo nilikuwa fundi mbaya tu. Jambo baya zaidi lilikuwa mbele.

Turbo kubwa haikulingana na bomba la moshi. Mle ndani ya bomba mlikuwa na kile kifuniko cha breki ya ekzosi. Dreva akibonyeza swichi, kifuniko huziba moshi, injini huzuiwa, na lori huteremka polepole pasipo kuchosha breki za magurudumu. Tajiri akasema, "Kateni, tieni bomba lililonyooka, moshi utoke vizuri." Rafiki yangu akanitazama. Mimi ndiye niliyeshika msumeno. Kisha tukafungua pampu ya dizeli kidogo ili nguvu iongezeke. Lori likapiga moshi mweusi, tajiri akacheka kwa furaha. Rafiki yangu akapewa shilingi 1,500, nami soda na shilingi 500.

Sasa fikirini. Turbo humsaidia mtu kupanda tu. Kuteremka haimsaidii hata kidogo. Breki ni zile zile, ekseli ni zile zile, magurudumu ni yale yale. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne, na tani 56 kwa lori kubwa kabisa pamoja na mzigo wake. Tajiri hakununua turbo kubwa ili abebe kiasi cha sheria, maana turbo ya zamani ikifungwa vizuri ilitosha kiasi hicho. Alinunua ili azidishe mzigo. Na ule mzigo uliozidi, anayeteremka nao mlima usiku ni nani? Si yeye.

Safari ya tatu, kwenye mteremko, breki zilishika moto zikaacha kushika. Dreva alikuwa mtu hodari, akaligonga lori kwenye ukingo wa udongo kabla ya kufika kwa watu. Taniboi amevunjika mguu mahali pawili. Wote tunaikumbuka njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowapitia watu na wafu wakazidi 50. Silitaji kwa habari ya turbo. Nalitaja ili tujue yule dreva aliyechagua ukingo alituokoa na nini.

Na tajiri amesema nini? Amesema dreva alikwenda mbio. Amemfukuza, na mshahara wa mwezi ameuzuia alipe rediata. Kwa taniboi amesema si mtu wake, hana karatasi ya kazi. Hapo tajiri anajidanganya. Sheria ya Kazi ya 2007 inatambua hata mapatano ya mdomo, na sheria ya fidia ya waumiao kazini, ya mwaka huo huo, haikuwekwa kwa ajili ya wenye ofisi peke yao. Lakini mimi kama lori lingeniangukia pale uani, angesema nilikuja kumwamkia tu.

Wengine watanijibu: "Mwenye lori ni yeye, akitaka turbo kubwa fundi atakataaje? Ukikataa ataita mwingine." Ni kweli ataita mwingine. Na huyo mwingine ni mwanachama wa chama hiki au ndugu yake! Tukikataa sote katika mtaa huu, ataita nani, mke wake? Sisemi tusifungue turbo. Turbo iliyokufa na irudishwe ya kipimo chake, injini ikiwa baridi, bomba la oili likiwa jipya, vipande vya feni iliyovunjika vimeoshwa katika mipira na intakula, oili imemiminwa kwa mkono kabla ya kuwasha, na injini iachwe ingurume polepole dakika chache. Kazi hiyo naifanya hata kesho. Msumeno sishiki tena.

Mkutano wa tawi ujao nitaomba jambo hili liandikwe. Aliyefunga turbo kubwa mahali popote arudi kutazama kama breki ya ekzosi ingaliko, na kama haiko amwambie dreva uso kwa uso, asimwambie tajiri peke yake.

Dreva amepeleka mashtaka yake kwa afisa wa kazi. Nimempa katibu maandishi yangu yenye sahihi, nikieleza nilichokata na aliyeniambia nikate. Rafiki yangu anaogopa, wala simlaumu, ana watoto watano. Kipande cha bomba chenye kifuniko kilikuwa bado nyuma ya choo cha tajiri Jumapili iliyopita. Wawili wenu wasiofahamika kwake waje tukalitazame kabla halijauzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu.